Nyumba Mbili, Chupa Moja

Kisumu
9 Januari 1955

Kwa dada yangu Ngendo,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Sisi huku ni wazima, ila Nduku alishikwa na malaria wiki ya Krismasi, akapika akiwa amejifunga shuka kichwani kwa sababu hataki kabisa niingie jikoni kwake. Anasema Mgikuyu akipika, hata maji yanaungua. Amepona sasa na maneno yake yamerudi yote. Mimi bado niko stoo ya reli.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu nimeambiwa bwana ofisa wa huko anakisoma mwenyewe, na barua za Kigikuyu hukaa mezani mpaka apatikane wa kumfasiria. Na wewe andika hivyo hivyo. Nasikia nyumba zote za huko kwetu zimebomolewa na serikali, sasa mmepangwa pamoja kijijini kama abiria wanaongoja treni. Ningekuja kuona, lakini pasi ya kuingia Nyeri nimeomba na kuomba mpaka karani akinitazama anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Sasa sikiliza vizuri. Katika furushi hili kuna chupa mbili. Moja unaijua: vidonge vyeupe vya kifafa, vile daktari wa Nyeri alivyokuandikia kabla mambo hayajaharibika. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, uwe umeanguka au hujaanguka. Chupa ya pili ni mpya. Ni vitamini, vidonge vya njano. Mhindi wa duka la dawa ameniambia zinalisha mishipa ya fahamu, na ugonjwa wako ni wa mishipa ya fahamu. Nilijiuliza kwa nini hatukufikiria jambo hili zamani. Mishipa ikishiba, itatulia. Meza kimoja kila siku baada ya chakula.

Nisalimie Wangechi, mwambie mjomba amemwekea kitambaa cha gauni. Nisalimie Mama ukipata njia ya kufika kwake.

Mimi kaka yako,
Mutahi


Othaya
13 Februari 1955

Kaka Mutahi,

Barua imefika ikiwa imefunguliwa, na furushi pia. Nimefurahi Nduku amepona. Mwambie hapa hata Mgikuyu hawezi kuunguza maji, maana kuni zenyewe tunaokota kwa ruhusa, saa moja tu, huku askari wametuzunguka.

Wangechi hajambo, ameota meno ya mbele. Mama sijamwona tangu tuhamishwe. Yuko kijiji cha ng'ambo ya mto, tunaona moshi wao asubuhi. Shemeji yako Kingori bado yuko kizuizini kambini. Hajaandika, au ameandika na barua haijafika, sijui nitumaini lipi.

Ofisini nilikuwa na kazi kueleza hizo chupa zako. Hapa dawa inaogopwa kuliko panga, kwa sababu wanafikiri inakwenda msituni kwa wale watu wanaopigana. Bwana ofisa alimwaga vidonge mezani, akanusa kimoja, akauliza ni vya nani na kwa nini ni vingi hivyo. Nikamwambia ni vyangu, mimi huanguka. Bahati nzuri Muriithi alikuwa hapo, yule uliyesoma naye. Ni homgadi siku hizi, analinda kijiji kwa niaba ya serikali. Akasema, "Ni kweri, bwana. Huyu ako na hiyo ugonjwa tangu akiwa musichana." Ndipo wakanirudishia. Sikujua kama nimshukuru au nimchukie, nikachukua chupa zangu nikaenda.

Nyumba tuliyopewa ni moja. Zile mbili alizotujengea Kingori zimelala chini. Kwa hiyo tunakaa pamoja, mimi na Wangechi, na Warigia na mtoto wake Gatimu. Ndiyo, Warigia, mke mwenzangu, ambaye tangu Kingori amlete unajifanya hujui jina lake. Ulikataa hata kikombe chake cha chai, kaka yangu, chai ikapoa watu wote wakiitazama. Anakusalimu hata hivyo. Kusoma hajui, basi barua zako namsomea mimi. Ile habari ya mishipa inayoshiba ilimpendeza sana. Aliniomba niirudie, nikairudia.

Vidonge vinamezwa, vyeupe na vya njano. Lakini nimeanguka. Mara moja hapa nyumbani, na mara moja kule kwenye mtaro tunaochimba kuzunguka kijiji. Niliamka na udongo mdomoni.

Dada yako,
Ngendo


Kisumu
20 Machi 1955

Dada Ngendo,

Salamu. Huku mvua imeanza, ziwa linanuka samaki mpaka ndani ya ofisi. Nduku ana mimba, na anasema akizaa msichana atamwita jina la mama yake kwanza, eti desturi zetu zitangoja zamu. Tumeshagombana na mtoto hajafika.

Niambie, kwa nini unaanguka? Dawa unayo. Mwaka jana wote hukuanguka. Sasa unameza ile ile, na juu yake vitamini, unaanguka mara mbili kwa muda mfupi! Ama unasahau, ama unaficha jambo. Wewe tangu utoto ukiulizwa kitu unajibu kingine. Nimekasirika, na sioni aibu kusema.

Nimemrudia yule Mhindi. Anasema labda mwili wako umekauka kwa kazi na chakula kidogo. Basi nimetuma chupa kubwa ya vidonge vya njano. Meza viwili viwili sasa, asubuhi na jioni. Pia nimetuma mafuta ya samaki, kijiko kikubwa mara mbili kwa siku. Usiogope, hivi si dawa ya hospitali, ni chakula tu kilichowekwa kwenye chupa. Chakula hakimdhuru mtu. Vyeupe ni vile vile.

Habari za nyumba ya pili sikukuuliza.

Msalimie Wangechi.

Mutahi


Othaya
24 Aprili 1955

Kaka,

Mwandiko huu mbaya ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo leo salamu ni fupi. Hongera kwa Nduku. Mwache amwite mtoto anavyotaka, yeye ndiye anayembeba.

Mkono wa kulia umeungua. Nilianguka motoni nikipika. Sikumbuki chochote, nakumbuka nilikuwa nikikoroga, halafu nakumbuka harufu. Aliyenivuta ni Warigia, akiwa na Gatimu mgongoni. Nguo yake pia ilishika moto akaizima kwa unga, na unga wenyewe ulikuwa wa wiki nzima.

Yale mafuta yako ya samaki nimeyaacha, ukasirike usikasirike. Nilikunywa kama ulivyoniamuru. Kichwa kikaniuma usiku na mchana, midomo ikapasuka, nikatapika hata maji. Unasema chakula hakimdhuru mtu. Njoo unywe wewe uone. Vidonge vya njano viko, vinamezwa, lakini mimi sioni vinachofanya isipokuwa kubadilisha rangi ya mkojo.

Warigia ndiye ananilisha sasa. Tumbo langu linakataa kitu kizima, kwa hiyo dawa yangu anaisaga na kuitia kwenye uji. Ni chungu, Kaka, chungu mpaka machozi yananitoka, naye anashikilia kijiko tu mpaka nimeze.

Ninachokuomba ni kimoja. Niongezee vyeupe. Usiniulize kwa nini, niongezee.

Ngendo


Kisumu
22 Mei 1955

Ngendo,

Pole kwa mkono. Nduku alilia barua ilipofika, akataka apande gari moshi siku ile ile. Ilibidi nimweleze kwamba hata Mkamba kama yeye haruhusiwi kuingia huko bila sababu. Akasema dada wa mume akiungua si sababu? Anakutumia salamu na kipande cha shuka laini cha kufungia kidonda.

Sasa tuseme yetu. Usiniulize kwa nini! Ni nani mwingine atakayeuliza? Vyeupe si njugu, nikanunue kikombe kizima. Daktari aliandika viwili kwa siku, na mwenye duka hawezi kunipa zaidi ya hapo. Halafu wewe unaanguka kama mtu asiyemeza kitu, na bado unataka viongezwe. Mimi ni mtu wa stoo. Mzigo ukiingia na usionekane, najua umetoka kwa mlango fulani.

Wiki iliyopita bwana mmoja alikuja hapa ofisini, akaniuliza kwa upole sana kwa nini natuma dawa Nyeri kila mara. Nilimwonyesha karatasi ya daktari akaondoka. Lakini kuna jambo nimelifikiri tangu siku ile, na sitaliandika hapa. Wewe unajua ni lipi. Kama ndivyo ilivyo, umetuua wote, mimi na wewe na mtoto wa Nduku aliye tumboni.

Nimetuma vyeupe vya miezi mitatu kwa mtu mmoja, na vya njano kama kawaida. Havitafuata vingine mpaka uniambie vile vya kwanza vilikwenda wapi. Uniambie kwa kalamu yako, bila kuzunguka.

Mutahi


Othaya
26 Juni 1955

Kwa kaka yangu,

Mwambie Nduku asante kwa shuka. Kidonda kimefunga, ingawa vidole viwili havinyooki. Naandika tena kwa mkono wangu kama unavyoona. Wangechi anauliza kitambaa cha gauni kiliishia wapi. Mama alipita hapa na wanawake wa kijiji chao wakienda kutengeneza barabara, tukasalimiana kwa macho. Amekonda.

Ulitaka nijibu bila kuzunguka. Hakuna kidonge hata kimoja kilichopita mlango huu. Hilo unalolifikiri na usiloandika, lifute kichwani, na uone haya kwamba lilikuja.

Vidonge nimempa Warigia.

Kabla ya Krismasi aligongwa kichwani kule mtaroni. Tuseme lilikuwa jiwe. Alilala hapo mpaka jioni, na wiki chache baadaye akaanza kuanguka, jinsi ile ile yangu, macho yamegeuka na povu mdomoni, mtoto akiwa mgongoni. Aliomba pasi ya kwenda hospitali Nyeri. Wakamwambia ameniona mimi nikianguka, akajifunza, ili akwepe mtaro. Ati mtu atajifunza kuuma ulimi wake mpaka utoke damu!

Wewe umelelewa kwetu, sihitaji kukufundisha. Kitu kikiingia kwa mume mwenye nyumba mbili, kinagawanywa nyumba mbili. Nyama, chumvi, hata kipande cha sabuni. Mimi ni mke mkubwa, kisu kiko mkononi mwangu. Kingori akirudi ataniuliza kama niligawa sawa, hataniuliza kama nilimpenda. Kwa hiyo kila kidonge cheupe nilikikata katikati. Nusu yangu, nusu yake. Vya njano pia nusu kwa nusu. Nilifikiri upungufu wa vyeupe utajazwa na vya njano, kwa sababu wewe uliandika mishipa itashiba. Ndiyo maana nilianguka motoni, sasa umejua. Na ningekuambia tangu mwanzo, lakini wewe ungefanya nini? Ungeacha kutuma. Niambie ni uongo.

Mimi sikumpenda Warigia. Alipoletwa nilikaa mwezi mzima bila kumjibu salamu, na alipomzaa Gatimu, akawa ndiye aliyemzalia Kingori mwana wa kiume wa kubeba jina la baba yake, nililia shambani siku nzima. Hayo unayajua, ndiyo uliyoshikilia mpaka leo. Lakini wewe hujalala naye nyumba moja askari wakipiga mlango. Umebaki palepale kwenye kile kikombe cha chai.

Kuna jambo sielewi. Tangu niungue sijaanguka hata mara moja. Anayeanguka zaidi sasa ni yeye, ingawa tunagawana sawasawa. Akiamka anasema ni kizunguzungu tu, nisipige kelele. Labda vitamini zako zimenikubali mimi zikamkataa yeye. Dawa bado ndiye anayesaga. Nilimwambia mkono wangu umepona, akacheka akasema mkono umepona lakini uji wangu hauliki.

Naomba chupa ya pili, yenye jina lake, ili ofisa asipate la kusema. Sijawahi kukuomba kitu kwa ajili yake. Leo naomba.

Ngendo


Kisumu
28 Agosti 1955

Dada Ngendo,

Nduku amejifungua msichana, na ameitwa jina la bibi yake mzaa mama, kama Nduku alivyoapa. Wote wazima. Mtoto ana sauti ya kipenga cha reli.

Miezi miwili nimekaa bila kukujibu. Nilikasirika. Niliona nimefanywa mjinga, nikimlisha mtu ambaye niliapa sitakula kwake. Na ile habari ya kikombe cha chai ungeweza kuniandikia kwa maneno mengine. Basi, tuyaache hapo.

Hatimaye Nduku alinitoa nyumbani. Alisema, "Wewe ukona hasira ya mwanamke mmoja na wawili ndio wanaanguka. Enda kwa daktari saa hii." Nikaenda kwa daktari wa reli, mzee Mhindi wa Goa mwenye miwani minene, nikamweleza yote, yako na ya mwenzako. Nilifikiri atanisifu kwa zile vitamini. Alinikemea mbele ya wagonjwa wote. "Bwana Mutahi, wewe ni karani wa stoo au ni daktari? Mwenye duka anauza. Kwa nini unamwuliza mwenye duka?"

Kwa hiyo soma haya polepole, na umsomee mwenzako. Vitamini hazizuii kifafa. Ni za mtu anayekosa kitu fulani katika chakula, na daktari ndiye anayejua ni kitu gani. Amesema watu wanaomeza vyeupe miaka mingi wengine damu yao hudhoofika, na hao hupewa vitamini, lakini kwa kipimo, wakiangaliwa. Zikimezwa nyingi kwa kubahatisha, nyingine zinaweza kuivuruga ile dawa ya kifafa yenyewe. Nilimwuliza ni zipi, akasema hata wenye elimu hawajamaliza kujua, ndiyo maana mtu asijaze tumbo kwa kila kinachouzwa. Yale mafuta ya samaki yakizidi ni sumu. Nilipomtajia midomo iliyopasuka na kichwa kuuma, alivua miwani akasema hizo ndizo dalili zake. Na ukienda kwa daktari yeyote, umtajie kila kitu unachomeza, hata majani ya kuchemsha, hata kama kinaitwa chakula.

La mwisho alilirudia mara mbili akigonga meza. Vyeupe visikatwe na visiachwe. Mtu aliyevizoea akiacha ghafla, kifafa humrudia mfululizo, kimoja hakijaisha kingine kimeingia, na hapo ndipo watu hufa. Mwambie mwenzako asikose hata siku moja.

Amekubali kutoa dawa ya mgonjwa wa pili bila kumwona, kwa shingo upande, kipimo kidogo, mpaka apimwe Nyeri. Ametoa na barua ya kuwaombea pasi nyote wawili. Aliniuliza jina la mgonjwa. Nikasema ni mke mwenza wa dada yangu. Akasema, "Hilo si jina." Akangoja, kalamu mkononi. Nikamtajia.

Chupa ni mbili, nimeziandika mimi mwenyewe. Usigawe tena kwa kisu.

Nisalimie Wangechi. Kitambaa kimo. Na huyo mtoto mwingine, kuna kipande kinamtosha shati.

Mutahi


Othaya
16 Oktoba 1955

Kaka Mutahi,

Hongera kwa mtoto. Nimefurahi kwa Nduku, na kama barua hii haina furaha si kwa sababu yake. Wangechi amepata kitambaa. Gatimu amepata cha shati.

Furushi lako limetoka ofisini Alhamisi hii. Warigia tulimzika wiki ya kwanza ya Septemba.

Kilimshika alfajiri, kabla ya kipenga cha kufungua lango. Kikaisha, nikamfuta mdomo, nikadhani atalala. Kikaingia kingine. Halafu kingine. Nilikimbia langoni bila hata kitambaa cha kichwa, wakati ambao mtu akionekana nje hupigwa risasi. Aliyekuwa zamu ni Muriithi. Hakunipiga. Nilimwambia afungue, tumbebe mpaka kwenye zahanati, wanawake wako tayari. Alilia, Mutahi, mwanamume mzima na bunduki yake. "Ngendo, mimi nitafanya nini? Funguo iko kwa mukubwa, na mukubwa amerara." Niliporudi alikuwa bado anatetemeka. Kipenga kilipopigwa alikuwa ametulia, na kutulia kwake nikakuelewa kabla sijamgusa.

Siku ya pili baada ya kumzika nilijisagia dawa mwenyewe. Nusu kidonge, kama kawaida yetu, nikaitia kwenye uji. Uji haukuwa mchungu. Nilionja tena nikidhani ulimi wangu umekufa kwa kilio. Haukuwa mchungu, ulikuwa uji wenye ladha kidogo ya dawa. Nikachukua kidonge kizima nikakisaga, nikaonja. Ndio huo. Ndio uchungu niliokuwa nikinyweshwa tangu Aprili.

Hapo nikaenda kwenye chupa. Ile nyeupe haikuniambia kitu, kwa kuwa nusu mbili ni kizima kimoja. Ile ya njano ilikuwa tupu.

Sasa umeelewa kwa nini sikuanguka. Haikuwa vitamini zako. Siku aliyonitoa motoni ndiyo siku aliyoacha nusu yake. Alinipa vyote, akavisaga ili nisijue, akakataa nisimsaidie hata mkono ulipopona. Yeye akabaki na vya njano, viwili asubuhi na viwili jioni, jinsi ulivyoandika. Hakuwa anajitoa afe. Aliamini. Uliandika kwamba mishipa ikishiba itatulia, na mtu wa duka amesema, na wewe ni mtu wa ofisi unayejua mambo. Na aliyemsomea ni mimi. Mara mbili.

Usiniandikie kwamba ni ofisi iliyochelewesha. Ofisi ilikaa na furushi lako Septemba yote, ni kweli, na nilipoulizia niliambiwa linachunguzwa. Lakini mimi nilikuandikia Juni. Wewe ulijibu mwisho wa Agosti. Nimekaa na hesabu hiyo kila siku, sitaki kukaa nayo peke yangu, ndiyo maana nakupa.

Baada ya kumzika nilianguka mara mbili, kwa sababu vilivyobaki nilianza kuvikata tena, vidumu. Sasa simkatii mtu. Nimesoma maneno ya daktari wako mpaka nimeyashika. Kizima asubuhi, kizima jioni. Chupa ya vya njano nakurudishia, tupu kama nilivyoikuta. Ile barua ya daktari nilimpelekea bwana ofisa, akaisoma, akanipa pasi ya kwenda Nyeri siku ya Jumanne nikapimwe damu. Alinipa bila kuniuliza neno. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Alipokuwa akinikabidhi furushi, alishika chupa moja moja akilinganisha na majina. "Huyu ni wewe," akasema. "Na huyu yuko wapi?" Karani wake akamnong'oneza. Akataka kuizuia ile ya pili, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Nikamwambia dawa hiyo ilitumwa nyumbani kwa Kingori, na nyumbani kwa Kingori mwenye kugawa ni mimi. Akaiacha mezani, nikaichukua.

Gatimu halali mpaka nimlaze kifuani. Usiku wa kwanza alinisukuma, usiku wa tatu akachoka.

Chupa yenye jina langu sijaifungua. Nimeanza na ya Warigia. Kipimo chake ni kidogo, kwa hiyo nachukua viwili badala ya kimoja, nimemwuliza mganga wa zahanati akasema ni sawa. Kila asubuhi na kila jioni naishika mkononi na kulisoma jina kabla ya kufungua. Umeliandika vizuri sana, Kaka. Herufi zote zimo.

Ngendo